Kabla ya Kukaza

Boliti ya milimita 12 imekataa kuingia kwenye tundu la milimita 12. Boliti haina kasoro, na tundu lilitobolewa sawasawa. Kilichozuia ni rangi. Chasisi hii ilipakwa rangi ya unga, ile inayopulizwa ikiwa kavu kisha kuokwa kwenye tanuri mpaka iyeyuke na kuganda, na rangi hiyo iliingia hadi ndani ya matundu ikaacha utando wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Nyundo ingemaliza ubishi huu kwa pigo moja. Mzee ninayemtazama haigusi nyundo. Anachukua rima, kifaa chembamba chenye makali marefu ubavuni, anakidondoshea mafuta, anakiingiza tunduni na kukizungusha kwa mkono kuelekea upande wa saa. Hakirudishi kinyume hata mara moja, maana kufanya hivyo hufifisha makali na kukwaruza tundu. Vumbi la rangi linadondoka. Anafuta, anajaribu boliti. Inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, wala haichezi. Anaitoa tena, anapaka grisi kwenye chuma kilichobaki wazi ili kutu isianze, kisha anahamia tundu linalofuata. Chasisi ina matundu mengi ya namna hiyo, na yote atayapitia hivyo hivyo.

Kazi hii inafanyika Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, katika gereji ya nyumbani yenye nafasi ya gari moja na meza ya kazi. Mwenyewe ni mkereza vyuma mstaafu. Miaka yake ya ajira aliimalizia mbele ya mashine ya kukereza, akitengeneza vipande vya pampu. Sasa anaunda gari la michezo. Chasisi ya mabomba ya chuma, mabati ya alumini, pua na madigadi ya faibaglasi vimetoka karakana moja ndogo ya hukohuko. Injini, giaboksi, difu, breki, habu na reki ya usukani vimetoka kwenye Mazda MX-5 iliyochinjwa. MX-5 zilianza kuuzwa mwaka 1989, na Uingereza zimejaa. Barabara za huko humwagiwa chumvi majira ya baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hula mabati ya chini ya milango na ya juu ya magurudumu ya nyuma. Gari hukataliwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka hali injini yake bado nzima kabisa. Magari ya namna hiyo ndiyo yanayochinjwa.

Umbo la gari analoliunda lina asili inayojulikana. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa gari dogo lililoitwa Seven: viti viwili, magurudumu ya mbele yaliyokaa nje ya mwili, na hakuna kilichowekwa ambacho hakina kazi. Wakati huo Uingereza ilitoza kodi ya manunuzi kwa gari lililokamilika, na seti ya vipande haikutozwa hivyo. Kwa hiyo wengi walilinunua likiwa kwenye makasha wakaliunganisha nyumbani. Mwaka 1973 kodi hiyo ilifutwa, nafasi yake ikachukuliwa na VAT, na mwaka huohuo Lotus ikawaachia Caterham Cars, waliokuwa mawakala wake, haki ya kuendelea kulitengeneza. Nafuu ya kodi iliondoka, lakini watu hawakuacha kuunda. Mwaka 1996 Ron Champion alichapisha kitabu kilichomwonyesha mtu jinsi ya kuchomelea chasisi ya namna hiyo mwenyewe na kuivika viungo vya Ford Escort kuukuu. Leo karakana ndogondogo huuza chasisi za sura hiyo, kila moja ikiwa imepimwa kwa ajili ya gari fulani la kuchinjwa.

Hapo ndipo shida ya vipande kutolingana inapozaliwa. Vyuma vya Mazda vilitengenezwa Japani vikae ndani ya mwili wa Mazda. Chasisi ilibuniwa na mtu mwingine, aliyevipima vyuma hivyo na kuvipangia makao mapya. Kila kipande kina ruhusa yake ndogo ya kukosea: breketi imechomelewa nusu milimita kando, bushi ni nene kwa robo milimita, habu imetembea miaka mingi na uso wake una kutu. Kila kosa likiwa peke yake halina neno. Yakijipanga yote upande mmoja, boliti ya mwisho hukuta tundu limehama milimita 3. Msomaji aliyewahi kukaa Gerezani, Dar es Salaam, au Grogan, Nairobi, akisubiri injini ya Toyota ipandishwe kwenye Land Rover ya zamani, anaijua hesabu hiyo. Fundi mwenye pupa huyamalizia makosa yote kwenye tundu la mwisho, kwa drili. Mzee huyu hurudi nyuma kutafuta milimita zilikopotelea.

Utafutaji huo alianza kuuandalia tangu siku za kuchinja. Kila boliti aliyoifungua aliirudisha kwenye tundu lake, na pale ilipokuwa haiwezekani aliitia kwenye mfuko wenye maandishi: imetoka wapi, kichwa chake kilitazama wapi, ilibana nini. Washa alizitunga kwenye waya kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Nati zilizogoma kwa kutu alizimwagia mafuta ya kupenya akaziacha zilale, kesho yake akazipasha kwa moto wa gesi, akaanza kuzisogeza robo mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka zikaachia bila kukatika. Kisha nyuzi za kila boliti zilisuguliwa kwa brashi ya waya, na nyuzi za ndani ya matundu zikapitishiwa tapu. Usafi huu una sababu yake. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza husoma ubishi wa uzi pamoja na mbano wenyewe. Uzi mchafu huifanya iseme imetosha wakati boliti bado haijabana.

Vya kwanza kukaa kwenye chasisi ni mikono ya pembetatu inayoshika magurudumu ya mbele, miwili kila upande, mmoja juu na mmoja chini. Kwenye ncha za ndani za kila mkono kuna bushi ya plastiki ngumu, na ndani ya bushi kuna kibomba cha chuma. Kibomba lazima kizidi bushi kwa urefu kidogo sana. Boliti ikikazwa, masikio mawili ya breketi hubana kibomba, kibomba husimama imara, na bushi huzunguka juu yake. Kibomba kikiwa kifupi, masikio huibana plastiki yenyewe, mkono ukawa mzito kupanda na kushuka, na gari likakosa utulivu barabarani.

Mkono wa chini wa kushoto haukuingia kwenye breketi yake. Mzee aliuweka chini, akachukua verniya. Kibomba: milimita 45.0. Nafasi kati ya masikio: milimita 44.4. Kibomba ndicho kilichokuwa mkononi, na tupa ilikuwa mezani. Kukipunguza ingekuwa kazi fupi. Lakini alipima kwanza bushi, ikasoma 44.6. Kama angekisugua kibomba mpaka kiingie, kingekuwa kifupi kuliko bushi, na mkono ungekwama maisha yake yote. Kwa hiyo kibomba hakikuwa na hatia. Aliigeukia breketi, akapitisha kidole kwenye mstari wa kuchomelea. Chuma kilichochomelewa hujikunja kinapopoa, na masikio haya yalikuwa yamevutwa kwa ndani na joto la siku yaliyochomelewa.

Dawa yake ilikuwa kipande cha nondo yenye uzi, nati mbili na washa mbili nene. Aliviweka katikati ya masikio, akaanza kuzifungua nati zielekee nje, moja kushoto, moja kulia, kwa spana mbili. Chuma husukumwa, kisha kikiachiwa hurudi. Ndiyo maana alizungusha kidogo, akalegeza, akapima. Akazungusha tena zaidi kidogo, akalegeza, akapima. Alipoachia mara ya mwisho, verniya ilisoma 45.1, na aliikagua rangi ya pembeni ya mchomeleo kuona kama imepata ufa. Haikupata. Mkono uliingia kwa kusukumwa na viganja. Aliuinua mpaka juu akauachia: ukashuka wenyewe taratibu, bila kugonga na bila kusita. Hicho ndicho kipimo chake kwa kila mkono, na ule wa kulia, ambao uliingia bila matata, nao aliujaribu vivyo hivyo.

Boliti hazikukazwa. Zilipitishwa, nati zikawekwa kwa vidole, basi. Fundi cherehani mzuri hupiga bandi nguo nzima kabla ya kushona, ili bega likionekana limekaa vibaya alifungue bila kuharibu kitambaa. Na gari hili kwa muda mrefu lilisimama kwa bandi tu. Kila boliti isiyokazwa aliifunga uzi mwekundu shingoni. Kuna boliti za nyuma ambazo hata zingeweza kukazwa siku ileile, lakini habu za nyuma za Mazda zina bushi za mpira, na mpira huo umegandishwa kwenye vyuma vyake vya ndani na nje. Hauzunguki, hujinyonga. Ukiukaza magurudumu yakiwa yananing’inia, gari likishushwa chini mpira unabaki umenyongwa wakati wote na utapasuka kabla ya siku zake. Boliti hizo husubiri gari lisimame kwa miguu yake, likiwa na uzito wa dereva ndani.

Injini na giaboksi viliunganishwa sakafuni, vikaning’inizwa kwenye winchi kwa mnyororo wenye skrubu ndefu ya kubadilisha mlalo. Mkia wa giaboksi ulitangulia ukiwa chini, uso wa injini ukiwa juu, ili giaboksi iteleze ndani ya handaki linalopita kati ya viti. Mabomba ya chasisi yalifunikwa maboksi yaliyokatwa. Jirani alishika mkia. Mzee alishusha kwa sentimita, akasimama, akazunguka pande zote kutazama, akashusha tena. Mimi nilimulika tochi.

Ilipotua, mauntingi ya kushoto ilikaa mahali pake. Ya kulia ilikuwa nyuma ya tundu lake kwa milimita 4. Hapa wengi hurefusha tundu kwa tupa ya mviringo, na injini huingia, na huwaka, na gari huenda. Mzee alichukua rula na chaki. Alipima toka katikati ya puli ya mbele ya injini hadi bomba la kushoto la chasisi na hadi la kulia. Alilala chini akapima mkia wa giaboksi ndani ya handaki, pande mbili. Mkia ulikuwa umesogea kushoto kwa milimita 8. Injini yote ilikuwa imekaa kombo, na ile mauntingi ya kulia ilikuwa inaeleza tu habari za nyuma.

Aliifuata habari hiyo mpaka kwenye breketi inayoushikilia mkia. Ndani ya Mazda, giaboksi na difu huunganishwa na boriti moja ndefu ya alumini. Chasisi hii haina nafasi ya boriti hiyo, kwa hiyo karakana ilitoa breketi ya kushikia giaboksi peke yake. Kwa macho ni bapa la chuma lililo sawa pande zote. Kwa rula, tundu lake la kati liko milimita 4 kando ya katikati. Ilikuwa imefungwa kinyume, na kinyume cha milimita 4 ni milimita 8. Aliifungua, akaigeuza, akasukuma mkia kwa goti. Boliti ya mauntingi ya kulia ilishuka tunduni kwa uzito wake yenyewe. Kisha akachora mshale juu ya breketi kwa kalamu ya chuma, uelekee mbele, ili atakayeifungua miaka ijayo asipotee.

Nilijaribu kufikiria gari lile kama tundu lingerefushwa. Propela ingekaa pembeni, viungo vyake vingechakaa, mtikisiko ungesikika kwenye kiti, na mwenye gari angebadilisha spea baada ya spea akitafuta kosa mahali ambapo halipo. Kosa lingekuwa limefichwa chini ya boliti iliyokazwa vizuri sana.

Injini iliyokaa haijamaliza kazi, maana injini husogea. Imekalia mpira, na dereva akikanyaga mafuta huinama upande. Kati ya ganda la klachi na bomba moja la mshazari la chasisi hapakuwa na mahali pa kupitisha jicho wala rula. Mzee alifinyanga udongo laini wa kuchezea watoto, akaufunga kwa plastiki nyembamba, akaubandika kwenye bomba. Injini ikashushwa tena, akaisukuma kushoto na kulia kwa mpini wa mbao, ikainuliwa. Udongo ulikuwa umechukua umbo la nafasi iliyobaki. Aliukata kwa wembe na kupima ulipokatwa: milimita 11 mahali pamoja, milimita 5 mahali pengine. Tano hazikumridhisha. Alikata mabapa mawili ya chuma ya milimita 3 na kuyalaza chini ya mauntingi zote mbili, kwa sababu kuinua upande mmoja tu kungeilaza injini. Udongo ukarudiwa, ukasoma 8.

Lakini kila dawa ina gharama yake mahali pengine, na mzee alikwenda kuitafuta kabla haijamtafuta yeye. Injini ikipanda mbele kwa milimita 3, mkia wa giaboksi huinama kidogo. Mhimili wa giaboksi na mhimili wa difu inatakiwa kwenda sambamba, hata kama mmoja uko juu ya mwingine. Hapo krosi mbili za propela hukunjwa kwa pembe sawa, na kile ambacho moja inakiharakisha katika mzunguko, nyingine inakirudisha. Pembe zikitofautiana, propela hutikisika mara mbili kwa kila mzunguko. Aliweka kipimo cha pembe kwenye uso wa giaboksi, kisha kwenye uso wa difu, akaandika namba mbili ubaoni. Akaongeza washa nyembamba chini ya mshikio wa mbele wa difu, akapima; akatoa moja, akaweka nyembamba zaidi, akapima. Namba mbili za ubaoni zilipofanana, ndipo alipogusa propela.

Propela ya Mazda ilikuwa ndefu kuliko nafasi mpya, kwa hiyo ilibidi ikatwe. Kazi ya kukata, kuchomelea na kusawazisha mzunguko wake ni ya karakana yenye mashine maalumu. Kazi ya mzee ilikuwa kutoa urefu. Hakutumia futi. Alisukuma ncha yenye meno ndani ya giaboksi mpaka mwisho, akaivuta nje kama milimita 20 ili ibaki na nafasi ya kupumua, akaweka alama. Kisha akachukua fito mbili nyembamba za mbao, akazilaza pamoja ndani ya handaki, akazitelezesha moja juu ya nyingine mpaka ncha ya moja ikagusa uso wa difu na ya nyingine ikagusa alama. Akazibana kwa vibanio viwili. Fito hizo ndizo alizopeleka kwa mkata propela. Alinieleza kwamba namba inaweza kusikika vibaya kwenye simu au kuandikwa vibaya kwenye karatasi, na futi mbili zinaweza kupishana. Fito hazina la kukosea. Propela iliporudi, iliingia.

Nguzo ya usukani ilifuata. Inaanzia mbele ya kiti cha dereva, inapita ubavuni mwa injini na kushuka kwenye reki, ikikunjwa na krosi mbili njiani. Kabla ya kununua shafti, alipitisha mpini wa ufagio kwenye njia hiyohiyo, akaangalia ungegusa nini injini ikiinama. Alisogeza mshikio wa nguzo kwa upana wa kidole, akajaribu mpini tena, ndipo akaagiza chuma. Alipounganisha, alihakikisha uma za krosi zilizo kwenye shafti ya kati zinatazamana. Ukikosea jino moja, usukani huwa mzito robo ya mzunguko na mwepesi robo inayofuata, na dereva atasingizia matairi.

Mabati ya alumini yaliletwa yakiwa yamekatwa, lakini mzee aliyakata tena kwanza kwa karatasi ngumu. Karatasi ilipokubali kila kona, ndipo bati liliguswa. Matundu ya ribiti yalipimwa kwa nafasi sawa, yakatobolewa, na bati likashikiliwa kwa pini za chemchemi ambazo huingia tunduni na kutoka bila alama. Likikaa sawa, liliondolewa, chembe za drili zikasafishwa, na utepe wa gundi ukapakwa juu ya bomba kabla ya ribiti. Gundi hiyo huzuia mlio, na huzuia pia alumini kugusana na chuma kitupu. Vyuma hivyo viwili vikipata maji ya chumvi kati yao, alumini huliwa ikawa unga mweupe.

Pua ya faibaglasi ndiyo iliyompa mtihani wa mwisho. Ilipowekwa, mwanya wa kushoto ulikuwa mpana na wa kulia ulibana. Faibaglasi husuguliwa kwa msasa kwa urahisi, na urahisi huo ni mtego. Aliitoa pua, akaigeuza juu ya meza, akaipima: ilikuwa sawa. Akapima chasisi: sawa. Alichobaki nacho ni kilichoko kati yao, yaani rejeta. Sikio moja la chini la rejeta lilikuwa limetokeza mbele na kuisukuma pua upande mmoja. Alihamisha washa moja kutoka nyuma ya sikio kwenda mbele yake. Pua ikakaa, mianya ikalingana, na msasa haukutumika. Matundu ya kuifunga aliyatoboa mwisho kabisa, juu ya utepe wa karatasi ili rangi isimeguke, akianza na drili ya milimita 3 na kupanua kidogo kidogo.

Gari la kujiundia haliruhusiwi barabarani Uingereza mpaka lipite ukaguzi wa serikali uitwao IVA, ulioshika nafasi ya ule wa SVA mwaka 2009. Miongoni mwa vifaa vya mkaguzi ni tufe la kipenyo cha milimita 100. Sehemu ngumu ya nje ambayo tufe hilo linaweza kuigusa inatakiwa iwe na mviringo wa nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, ili mpita njia akigongwa asichanwe. Mzee alikereza tufe lake la mbao, akalipitisha mwili mzima wa gari. Kila lilipogusa ncha ya boliti alivika kofia ya plastiki. Kila lilipogusa ukingo wa bati alivalisha ukanda wa mpira au alikunja ukingo wenyewe. Breketi moja ya taa aliikereza upya, kwa kuwa kuivalisha mpira kungeficha kazi mbaya, naye hakutaka kuficha.

Baada ya hayo gari lilishushwa chini. Mifuko ya mchanga iliwekwa kwenye kiti kwa uzito wa dereva, likasukumwa mbele na nyuma ili magurudumu yatulie, na hatimaye spana ya kupimia nguvu ikatoka kwenye sanduku lake. Alianza kona ya nyuma kushoto. Kaza mpaka ilie, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi, kata uzi mwekundu, andika kwenye daftari. Mstari huo ukionekana umevunjika siku yoyote, atajua nati imesogea bila kuigusa. Hakuruka boliti yoyote, na hakukaza yoyote kwa kukisia.

Katika kazi yote hiyo sikuona kipande kilichokatwa kwa hasira, wala tundu lililopanuliwa kumaliza ubishi. Niliona washa nyingi. Kipande kinachokataa kuingia huwa kinasema kweli, ila mara nyingi kinasema habari za kipande kingine, na ufundi wa mzee huyu ni kukisikiliza kabla ya kukihukumu. Anayetaka kujaribu kazi hii anunue verniya nzuri, washa za unene tofauti na uzi mwekundu wa kutosha. Na siku kipande kitakapokataa, asiguse tupa mpaka amepima vyote vinavyopakana nacho.